Marieta wa Bondo na Filimbi Yake

Ukifika Mwigobero, pale Musoma samaki wanaposhushwa, ukauliza nani anajua bondo, utaelekezwa kwa Marieta. Bondo ni kile kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, na siku hizi kinatafutwa kuliko minofu yenyewe. Marieta hukiinua kimoja kwenye mwanga, hukiminya kwa kidole gumba, husema hili daraja la kwanza, hili la tatu, na hakuna mvuvi anayebishana naye mara mbili. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mcheshi, mwenye mdomo usio na breki. Anapenda kujionyesha kwamba anajua kila kitu, na kwa bahati mbaya mara nyingi anajua kweli.

Jumamosi jioni hunawa mikono kwa ndimu, huvaa sketi ya bluu na kuja kanisani na kasha jeusi kwapani. Ndani ya kasha hilo mna filimbi ya chuma, ile inayoshikwa kwa ubavu. Marieta ndiye filimbi ya kwanza katika okestra yetu. Ndiye filimbi ya pili pia, kwa sababu hatuna mwingine.

Mimi ni Danford, fundi simu mjini na mpiga kinanda wa okestra hiyohiyo. Nimeketi jirani naye katika okestra kwa miaka kumi na moja, na ninaandika habari zake kwa sababu niliwahi kumkosea. Yeye mwenyewe amesema niandike, ila nisimpunguzie sifa.

Tuko watu ishirini na watatu. Tuna violini tisa, selo moja yenye ufa, tarumbeta, tromboni, ngoma, na mimi ambaye kazi yangu ni kuziba mapengo yote yaliyobaki. Nasikia katika okestra kubwa chombo kinachotoa sauti ya kuwapatanisha wengine ni obo. Sisi obo tumeiona kwenye simu tu. Kwetu Marieta ndiye husimama, akapuliza noti moja ndefu, La, na wenye violini wakaanza kuzungusha vigingi huku wamekunja nyuso. Kinanda changu hakihitaji kupatanishwa, jambo ambalo nilikuwa nikiwakumbusha kila Jumamosi mpaka wakachoka na mimi.

Filimbi aliianzia machungani. Baba yake, Mzee Kwangu wa Nyamuswa, alijaliwa mabinti sita bila mvulana hata mmoja, na ng'ombe hawajui kungoja. Marieta, wa tatu kuzaliwa, ndiye aliyepewa fimbo. Mzee akamkatia filimbi ya tete, akamfundisha nyimbo za kuwapigia ng'ombe wakiwa mtoni wanakunywa, wasije wakasukumana, na kila mara akimkemea kwamba anaharakisha. Majirani walisema msichana hapaswi kupiga filimbi. Mzee akawaambia walete mvulana wao aje achunge, na hawakuleta.

Hii ya chuma aliipata mjini baada ya kuolewa. Ilikuja kanisani katika sanduku moja na violini za msaada, watu wote wakakimbilia violini, filimbi ikabaki chini. Marieta akaiokota, akapuliza, haikulia. Alipuliza wiki tatu. Mumewe ni dereva wa lori, na anakiri kwamba katika wiki hizo alikuwa akiomba kupangiwa safari za mbali. Wiki ya nne ikalia. Noti alizisoma kwa Mwalimu Onesmo, kiongozi wetu, ambaye siku za kazi anafundisha hesabu sekondari na Jumamosi anatufundisha sisi kwa ukali uleule.

Mzee Kwangu hakuwahi kuisikia filimbi hiyo. Jumapili sisi tunapiga Musoma, yeye yuko Nyamuswa na mifugo yake. Mara moja Marieta alimpigia wimbo kwenye simu, mzee akasema anasikia kama kuku aliyebanwa na mlango. Marieta alicheka alipotusimulia, lakini hakurudia tena kumpigia.

Kwa hiyo mwaka jana Mwalimu Onesmo alipotangaza kwamba tumealikwa kupiga Butiama, Marieta aliacha kutafuna karanga. Kutoka Nyamuswa hadi Butiama ni safari fupi ya bodaboda. Halafu Mwalimu akagawa karatasi za kipande alichokitunga mwenyewe, cha mapambazuko ziwani, nacho kilianza na solo, yaani filimbi peke yake. Vipimo kumi na sita, karibu dakika nzima, sisi wengine tumekaa kimya.

"Baba atanisikia," Marieta alisema. Hakusema kitu kingine jioni ile yote, mpaka watu wakaulizana kama anaumwa.

Sasa, Marieta alikuwa na tabia ya kuiacha filimbi kazini, katika ghala la bondo, ili afanye mazoezi saa ya chakula cha mchana. Ghala la bondo lina mende, na mende wa ghala la bondo wamezoea kula vizuri. Siku tisa kabla ya Butiama alikuja kibandani kwangu, akafungua kasha juu ya simu za wateja.

"Kaka Danford, wewe si fundi? Hebu ona hii maajabu."

Filimbi ya chuma huzibi matundu kwa vidole kama ya tete. Ina vifuniko, na chini ya kila kifuniko kuna kitakia kidogo cha mviringo kilichovikwa ngozi nyembamba. Kitakia kikiziba sawasawa, sauti inatoka. Kikivuja, unatoa pumzi tu. Mende walikuwa wamekula ngozi ya vitakia tisa, safi kabisa, wakaacha sufi ya ndani. Tulipiga simu Nairobi kwa muuzaji wa vyombo, akasema vitakia vipya vitafika kupitia mpakani Sirari baada ya wiki tatu.

Marieta akaanza kusoma kwenye simu yake. Akasoma kwamba ngozi ile hutengenezwa kwa utando wa utumbo wa mnyama, na kwamba mafundi wengi huiita ngozi ya samaki. Aliposoma hapo aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Samaki," alisema. "Hii shida imejileta yenyewe nyumbani kwangu."

Akaenda ghalani, akamwomba bosi wake bondo moja, akachagua kama anavyojua kuchagua. Lilikuwa bondo la sangara mkubwa, nene, jeupe, lisilo na doa la damu. Kila mtu Musoma anajua kwamba bondo zuri ni bondo nene. Tuliliroweka, tukalikwangua kwa wembe mpaka vidole vikauma, tukakata miduara, tukabandika kwa gundi ninayobandikia vioo vya simu. Likikauka linakuwa gumu na linang'aa. Aliipuliza palepale kibandani, ikalia. Tulipongezana sana, na nakumbuka nilimwambia tufungue karakana.

Jumamosi kwenye mazoezi alisimama akapuliza La. La ikatoka. Akarudia, ikatoka nusu. Bondo likipata unyevu linavimba, na pumzi ya mtu ni unyevu mtupu. Mara ya tatu vifuniko vilinata, vikawa vinabanduka kimoja kimoja kwa mlio wa mtu anayekula ugali mdomo wazi. Harufu nayo ikaamka. Paka wa mlinzi wa kanisa akaingia, akapita katikati ya violini, akaketi miguuni pa Marieta na kumtazama kwa heshima kubwa. Tulicheka mpaka mwenye tromboni akatoka nje. Marieta mwenyewe alicheka kwanza, kisha akaacha.

Hakukata tamaa. Jumatatu, kwenye mazoezi ya ziada, alikuja na bondo jingine, bora kuliko lile la kwanza, nene zaidi. Ikawa mbaya zaidi. Mwalimu Onesmo akavua miwani.

"Marieta, mimi siwezi kubahatisha mbele ya wageni," alisema. "Danford, hicho kinanda chako kina sauti ya filimbi?"

"Ipo, Mwalimu. Namba sabini na nne." Nilijibu haraka mno. Hata mwenyewe nilijisikia nilivyojibu haraka.

"Basi solo utapiga wewe."

Nitasema ukweli wote. Nilifurahi. Nilimwonea huruma Marieta na nilifurahi, vyote kwa pamoja, lakini furaha ilikuwa na kilo nyingi. Miaka kumi na moja nimeziba mapengo ya watu. Hakuna anayetoka kanisani akasema leo kinanda kimenigusa. Usiku huohuo niliweka kwenye hali yangu ya WhatsApp: Jumapili hii Butiama, solo. Nikamwambia mke wangu Jeska anyooshe shati jeupe, na akanyoosha, akaniuliza solo ni nini, nikamweleza kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kipande chenyewe nilikishika vizuri. Nilikuwa nakipiga kabla ya kufungua kibanda na baada ya kufunga.

Jumatano jioni Jeska alikuwa uani anapaa sato. Vibofu vya sato si bondo, hakuna hata anayeviita hivyo, ni takataka inayotupwa pamoja na matumbo. Kimoja cha sato wa mchana kilikuwa kimerukia kwenye mfuniko wa sufuria, kikakaukia pale juani. Nilikibandua nikitaka kukitupa. Kilikuwa chembamba, kimekakamaa kidogo, kinapitisha mwanga, sawa na stika ya kioo cha simu. Nikakilowesha kwa mate, nikangoja. Hakikuvimba.

Nilijua palepale. Tatizo halikuwa samaki, tatizo lilikuwa daraja la kwanza. Marieta alikuwa akitafuta nene kwa sababu maisha yake yote ya kazi nene ndiyo nzuri, na kitu alichokihitaji kilikuwa kinatupwa mbele ya macho yake kila siku kwa ndoo.

Nilikitupa kwa kuku. Nikaenda kufanya mazoezi ya solo.

Usingizi niliupata, sitadanganya. Asubuhi nikajiambia kwamba mimi si fundi wa filimbi, kwamba huenda ningekosea, kwamba Mwalimu alishaamua. Nilijiambia mengi yenye akili. Alhamisi yote nikatengeneza simu nikiwa nimenuna, na wateja wakadhani nimefiwa.

Jioni Marieta akaja kibandani. Niliona kivuli chake kwanza, nikajua kaja kunilaumu, nikajiandaa.

"Washa hiyo kinanda yako," alisema. "Nipigie nisikie."

Nikapiga vipimo vyote kumi na sita. Alisikiliza akiwa ameegemea nguzo, macho yake yako barabarani.

"Unapiga sawa. Lakini hupumui. Kinanda haipumui, najua, ila wewe pumua. Hapa, kabla ya ile noti ndefu, toa vidole, vuta pumzi kabisa na kifua, ndipo ushuke. Bila hivyo itasikika kama simu inaita."

Akaniimbia kwa sauti ya chini, akanionyesha kwa mkono. Nilipofanya alivyosema, kile kipande kikageuka. Nywele za mikono yangu zilisimama. Akanipitisha mara nne, kipimo kwa kipimo, yeye ambaye solo ilikuwa yake.

"Na baba yako?" niliuliza.

"Atakuja tu. Dada zangu wameshamwambia. Nitamwambia wimbo ni wangu, nimekuazima wewe vidole." Akacheka kidogo. "Mzee ana miaka themanini na mbili, kaka. Hawezi kusafiri kila tukialikwa."

Sijui kama uliwahi kuona aibu inayoanzia miguuni. Nilizima kinanda. Nikakuna kichwa kama mtu anayewaza, nikasema, "Hivi dada Marieta, tukijaribu kibofu cha sato?" Nikasema kana kwamba wazo limenijia dakika ileile, na huo ndio uongo niliobaki nao.

Alinitazama kwa muda mrefu. "Sato?" alisema. "Ile uchafu?" Niliona kabisa akilini mwake nene ikigeuka kuwa nyembamba. Akachukua mkoba wake.

"Funga kibanda," alisema.

Mwigobero, wanawake wanaopaa samaki walimzunguka wakamcheka. Yule anayewarudishia waume zao bondo kwa kuwa lina doa, leo kainama kwenye ndoo ya matumbo anaokota vibofu vya sato. Mmoja akamuuliza hivi ni daraja la ngapi. Marieta akasema ni daraja la maskini wenzake, wakazidi kucheka, wakamsaidia kuokota.

Ijumaa tulivitandaza juu ya vioo vya simu mbovu, vikakauka kufika saa nne. Tulikata, tukavalisha vile vitakia tisa, tukavuta pembeni visikunjamane, tukabandika. Alipuliza kwa woga. Ikalia. Akapuliza nusu saa nzima makusudi, aijaze unyevu, na haikunata. Aliweka filimbi mezani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia. Alilia sana, bila kujificha, na mteja aliyekuja kuweka kioo akaondoka kimyakimya.

Jumamosi alisimama akatoa La. Mwalimu Onesmo alimwacha ashikilie La hiyo kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho, kama mtu anayekagua hesabu. Akasema, "Solo irudi kwake." Hakuniangalia. Nilifuta ile hali ya WhatsApp kabla ya kufika nyumbani, lakini shemeji yangu alikuwa ameshaiona na mpaka leo ananiuliza solo iliendaje.

Butiama tulipiga ukumbini, saa nane mchana, madirisha yote wazi. Mzee Kwangu alikaa mstari wa mbele kati ya mabinti wawili, na koti la sufi ingawa kulikuwa na joto. Alikataa kumpa mtu fimbo yake amshikie. Mwalimu akainua mkono, watu wakatulia, Marieta akaanza.

Nimesikia filimbi nyingi kwenye simu, za watu wa okestra kubwa za ng'ambo, wenye vyombo vinavyong'aa. Labda wanampita. Sijui, na siku ile sikujali. Alipiga polepole, sauti ikatoka nje kwa madirisha na watu waliokuwa barabarani wakasimama. Kabla ya ile noti ndefu alivuta pumzi, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma ya kinanda changu na mikono mapajani nikavuta naye. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga juu ya suruali. Mzee hakutikisika. Aliinamisha kichwa, akamsikiliza binti yake mpaka sisi wengine tukaingia, na hata tulipoingia aliendelea kumtazama yeye tu.

Baada ya hapo tulipewa chakula chini ya turubai. Marieta akaenda kupiga magoti kumsalimia baba yake, na sote tulijifanya hatusikilizi.

"Siku hizi huharakishi," mzee alimwambia.

Alisema hilo tu. Marieta aliinuka akiwa anameremeta usoni, akatuambia wote kwamba kasifiwa, kama vile hatukusikia. Kisha mzee akanigeukia mimi.

"Na wewe wa kile kinanda. Mwanzoni ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimenyamaza, mzee."

"Umenyamaza vizuri," alisema, akaendelea na nyama yake.

Watu walicheka. Mimi nilirudisha tonge kwenye sahani. Nikamngoja Marieta apate sahani yake, nikamvuta pembeni, nikamwambia yote. Jumatano, mfuniko wa sufuria, kuku, Alhamisi nzima. Nilimwambia sikuwaza ghafla, nilikuwa najua, na nilimnyima siku nzima kwa sababu nilitaka watu wanisikie mimi. 

Marieta alitafuna akamaliza.

"Siku moja tu?" aliuliza.

"Siku moja."

"Ingekuwa ni wewe umeharibikiwa, mimi ningenyamaza mpaka Butiama. Na ningerudi na siri hiyo Musoma."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa ananitazama vilevile anavyotazama bondo kwenye mwanga.

"Unadhani ile Alhamisi nilikujaga kukufundisha? Nilikuja nikusikie ukiharibu. Nilitoka kazini kabisa, nikasema ngoja nikamsikie huyu anavyonichafulia solo yangu, nirudi nikalale vizuri." Alichovya tonge kwenye mchuzi. "Nikakuta unaipiga vizuri, kaka Danford. Vizuri kweli. Niliumia mpaka nikaegemea nguzo. Ilikuwa imebaki pumzi tu, nikaona nitakuwa mchawi nikiiacha bila pumzi."

Mumewe akamwita aje kupiga picha na mzee. Akanipa sahani yake nimshikie, akaenda. Nilibaki nimesimama pale na sahani mbili mikononi. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nangoja mtu mmoja anayejua muziki aniambie napiga vizuri, na alikuwa ameniambia.